Harusi Iliyokuwa Ndani ya Mbuzi

Siku hizi kumbukumbu za nyumba hutunzwa kwenye damu ya mbuzi, maana mashine huungua lakini mbuzi huzaa. Nyamizi aliporudi sokoni akakuta wageni wa mumewe wanakunywa supu na ngozi ya Doa, mbuzi wao wa kumbukumbu, imewambwa uani, alimvuta mumewe pembeni.

"Baba Tunu, umemchinja Doa? Harusi yetu yote ilikuwa ndani yake."

"Nilimfananisha na yule mbuzi wa kitoweo," alisema mumewe kwa sauti ya chini. "Lakini si ameacha mapacha? Mmoja yuko bandani, mwingine tulimpelekea mama."

Nyamizi alimkamata mwanambuzi, akamtoboa sikio kidogo, akadondosha tone la damu kwenye kisomeo. Picha zikaanza kutokea: harusi, marehemu mama yake akicheka, Tunu akitambaa. Zilichanganyika na za wenye beberu aliyempanda Doa, lakini zote zilikuwemo. Akashusha pumzi, akacheka huku anafuta machozi. Zilikuwemo hata meseji za zamani, alizomwandikia dada yake akimsema mama mkwe.

Simu ikaita. Alikuwa mama mkwe.

"Mwanangu, leo nimempima damu yule mbuzi mliyeniletea," alisema taratibu. "Picha nimemaliza. Sasa nasoma."