Geuza Uso Kulia

Shomari alimwinua mama yake taratibu, akamwegemeza kwenye mito. Tangu apooze upande mmoja, Bi Mwanaidi hakuwahi kuomba kioo. Leo alikiomba.

"Nifunge ile kanga mpya," alisema, maneno yakimtoka kwa shida. "Miaka yote hii hujawahi kutaka picha yangu."

Shomari alimfunga kanga, kisha akaishika simu. Akaunti yake ya kubeti aliifungua kwa kitambulisho cha mama, maana chake kilikuwa kimepotea. Mikeka yake ilipokuwa ikichanika kila wiki na pesa zikipotea, kampuni haikumuuliza kitu. Mmoja mkubwa ulipotiki na akashinda, wakaifungia akaunti. Mwenye kitambulisho aonyeshe uso wake kwenye simu, waliandika, la sivyo hapati chochote.

"Tazama hapa, mama."

Simu iliagiza: Geuza uso kulia.

Bi Mwanaidi aligeuza macho tu, shingo ikakataa. Shomari akamshika kidevu, akaugeuza uso mwenyewe, kwa nguvu kuliko alivyokusudia. Mama hakulalamika.

Tabasamu, simu ikaagiza.

Akatabasamu kwa upande ulio mzima. Upande wa pili ulining'inia vilevile.

Uso haulingani na kitambulisho. Akaunti imefungwa moja kwa moja.

Shomari aliyasoma maneno hayo mpaka kioo cha simu kikazimika. Mkono wake mwingine ulikuwa bado kidevuni mwa mama.

"Nimetoka vizuri?"

"Umetoka vizuri, mama."

"Hebu nione," alisema, akiunyoosha mkono wake mzima kuipokea simu.