Plint

Kompyuta iliandika kwa rangi nyekundu kwamba mstari wa kwanza una kosa: hailijui neno plint.

Kashindye aliivuta karibu na cherehani yake, akasoma tena. Ilikuwa wiki ya sita akijifundisha mwenyewe kuandika programu, hapohapo kwenye kibanda chake cha ushonaji Nyamagana, na neno la kuiamuru mashine iandike ni print.

Mwalimu wake wa zamani, aliyekuja kuchukua suruali yake, alichungulia akacheka. "Tangu darasa la tatu nakusahihisha hiyo L na R. Leo hata mashine imekukamata!"

"Imenikamata kweli, Mwalimu."

Kidole chake chenye kovu la sindano kilikuwa tayari juu ya R. Kikasita. Juzi alijifunza kwamba kwenye programu amri unaweza kuipa jina la pili. Akarudi juu kabisa, akaongeza mstari: plint = print.

Akabonyeza kitufe. Wekundu ukatoweka, yakatokea maandishi makubwa meupe: KALIBU DUKANI.

"Na hiyo 'kalibu' je?"

"Hiyo imeandika nilivyoiambia." Akamkabidhi mfuko. "Nguo yako tayali, Mwalimu."