Kisahani cha Shaba

"Umesaga shaba, umepata shaba," Dokta Shaweji alisema huku akicheka, akimwonyesha mwenzake Nyamizi picha iliyotoka kwenye mashine ya eksirei.

Nyamizi alikuwa amesaga unga wa shaba na kemikali kwenye pipa la gololi za chuma mpaka maabara nzima ikachoshwa na kelele, ili chembe za kauri zizaliwe humo humo ndani ya shaba na kuipa ugumu. Unga ule aliukandamiza ukawa kisahani kimoja tu, kinachong'aa kama pete mpya. Kesho wageni wangekuja kukiona. Mashine, hata hivyo, iliona shaba tupu.

"Kauri imo, Dokta. Ni ndogo mno, imejificha."

"Basi itoe nje tuisalimie!"

Nyamizi akavaa glavu. Akakitumbukiza kisahani kwenye glasi ya asidi, ndani ya kabati la kuvutia moshi, akateremsha kioo chake.

"Wewe! Si ndicho cha wageni hicho?"

"Ndicho. Asidi hii inakula shaba. Kauri haiiwezi."

Moshi wa kahawia ukafuka, asidi ikageuka buluu, kisahani kikaisha kama peremende mdomoni. Shaweji akashika kichwa. Nyamizi akaanza kupiga mluzi.

Povu lilipotulia, wakainama wote wawili hadi vichwa vikagongana. Ndani ya buluu ile kitu cheupe, chepesi kuliko majivu, kilikuwa kikishuka taratibu. Na Shaweji, ingawa kioo cha kabati kilikuwa kati yake na kitu kile, alikuwa amebana pumzi asije akakipeperusha.