Protini ya Majaribio

Mama alimfuata binti yake hadi maabara anakofanya kazi, akakiona kichupa mkononi mwake.

"Ndiyo hiyo protini ambayo mwili wa mdogo wako hauitengenezi?"

"Ndiyo, mama. Lakini hii ni ya majaribio tu, haikusafishwa kwa ajili ya mtu. Nikimchoma sindano yake, inaweza kumuua."

"Na usipomchoma?"

Asubuhi ile daktari alikuwa amewaambia mgonjwa amebakiwa na siku mbili, labda tatu.

Unga mweupe ulikuwa umeganda kwenye kitako cha kichupa, haujazi hata ncha ya kijiko. Mama alikinga kiganja apewe.

Binti alirudisha kichupa kwenye friji, akaifunga kwa ufunguo, kisha akapiga magoti akaikumbatia miguu ya mama yake.

Mama alishusha kiganja.

"Inuka, mwanangu," alisema. "Twende tukakae naye."