Unene wa Mama Jordan

Mlenda haukuwa na chumvi, na Octavian alijua kwamba akilalamika tu, atamuua mke wake.

Ndivyo alivyoambiwa. Walikwenda kliniki pamoja kupima afya. Walipokwisha kupimwa wote wawili, Octavian hakungoja majibu. Aliwahi supu ya mbuzi ng'ambo ya barabara. Evodia alimfuata baadaye, mkono shavuni.

"Wameniandikia unene uliokithiri, Baba Jordan. Na presha. Sukari nayo inaninyemelea. Nisipojirekebisha, kiharusi."

Octavian alimtazama juu mpaka chini. "Unene gani? Mbona mimi nakuona uko sawa tu?"

"Tangu lini umekuwa daktari?"

Kijiko kilimwelemea mkononi. Akilini alimwona Evodia amelala kitandani, mdomo umekwenda upande, hawezi tena kumgombeza mtu. Nyumba isiyo na kelele zake angeishije?

Basi pale kwao Makole mambo yakabadilika. Evodia alitangaza kwamba hapiki vyungu viwili. Akaonya kuwa akinusa nyama choma kwenye shati la mtu, atashindwa kujizuia, "na nikianguka, utawaeleza ndugu zangu."

Halafu kuna kutembea. Daktari kasema atembee kila alfajiri, ila anaogopa mbwa. Octavian, mtu wa kuwasha gari hata akienda kununua vocha, akawa msindikizaji. Alihema nyuma, shati limelowa, huku mgonjwa wake yuko mbele kule anapiga kelele: "Kaza mwendo, baba! Unataka nife?"

Kazini Mtumba wenzake walianza kumchokoza.

"Mzee, kile kitambi umekiacha wapi?" mwenzake mmoja, Zaidi, alimuuliza.

"Nauguza, ndugu yangu," Octavian alijibu kwa huzuni. "Mke wangu ana hali mbaya."

Siku ya kurudi kliniki Octavian aliondoka bila kunywa chai. Walipofika, Evodia alisema anapitia chooni, mumewe atangulie kwa nesi Ruthu, yule aliyewapima mara ya kwanza.

"Panda kwenye mizani, baba," nesi akamwambia.

"Mimi nimemsindikiza mtu tu, sista."

"Panda."

Akapanda ili yaishe. Nesi akasoma mizani, akampima presha, akageukia kompyuta, uso ukamchanua.

"Hongera sana! Ule unene uliokithiri leo siuandiki tena. Na presha imeshuka vizuri."

Octavian akacheka kwa kumwonea huruma. Binti wa watu alikuwa amechoka na foleni.

"Mmechanganya, sista. Huo unene ni wa mke wangu."

Nesi akamgeuzia kioo cha kompyuta asome mwenyewe jina lililoandikwa juu.

"Mkeo ndiye aliyekuchukulia majibu yako, baba. Yeye tulimwandikia mzima kabisa."