Sebule ya Futi Elfu Arobaini

Nyie, hii hamtaiamini, ila imetokea Kipunguni saa nne asubuhi! Mwanaidi, fundi wa vipimo vya ndege, alirudi nyumbani na mashine ya kupimia altimita, vile vipima-urefu vya ndege angani, ili aisafishe. Sheria ya siku hizi ni moja tu: mashine yenye stika hai ya ukaguzi haikosei.

Basi ikasema sebule yake iko futi elfu arobaini angani. Akabadilisha mpira wa hewa, akakaza nati, akatukana kimoyomoyo. Namba ileile! Na kwa sheria, chumba kilicho angani hakifunguliwi mlango. Nje, mama mkwe anagonga.

"Mama yangu aungue jua kwa ajili ya kisanduku chako?" mumewe, Shomari, akafoka.

"Baba Siti, nikibishana nacho leseni imekwenda! Kunywa chai utulie."

Birika lilikuwa linatokota kwelikweli. Shomari akamimina, akapiga funda kubwa, akashangaa. "Mbona haiunguzi?"

Mwanaidi akakikodolea macho kisanduku. Chuoni walimfundisha kwamba juu sana angani maji huchemka kabla hayajawa ya moto sawasawa. Masikio yake yakaziba.

Shomari naye kashashika komeo la mlango amfungulie mama yake. Jamani, ungekuwa Mwanaidi, ungemwambiaje?