Foleni ya Saluni

Kijana alisimama katikati ya saluni ya dada yake, akiinua simu ili wateja wote waione programu aliyoitengeneza.

"Unaweka nafasi ukiwa kwako, unakuja zamu yako ikifika. Hakuna tena kukaa foleni."

Benchi zima likaangua kicheko.

"Sasa mwanangu, tusipokaa, umbea tutaupata wapi?" akauliza mteja mmoja.

Dada yake hakucheka. Kitana kilikuwa kimemganda mkononi. "Mbona hukutuuliza kabla hujauza kiwanja cha mama kugharimia programu hiyo?"

Kijana akashusha simu. Mwaka mzima alikuwa amejifungia na kompyuta, hakumuuliza hata mmoja wao.

Simu ikalia. Mteja wa kwanza ameweka nafasi.

Akainua macho. Mwisho wa benchi, mama yake alikuwa akirudisha simu mkobani, nywele zake zimeshasukwa tangu asubuhi.